Meza Nne za Nzilani

Kama hujawahi kumwona mwanamke akiagiza chai mbili, moja yake na moja ya katoni, basi hukuwa Mtito Andei mchana ule wa Mei, mwaka wa tisini na tisa.

Basi kutoka Mombasa lilikuwa limesimama nusu saa ili watu wale. Hoteli ilijaa madereva wa malori, mafuta ya kukaangia yalinukia pamoja na dizeli, na wahudumu walipita na sinia juu ya vichwa vya watu. Kwenye meza ya kona aliketi Nzilani Musembi wa Kitui, sketi ya bluu ya marinda, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikakubali, na kitambaa cheusi kichwani kwa sababu mama yake hakuwa amemaliza miezi miwili kaburini. Kiti cha pili kilikaliwa na katoni kubwa iliyofungwa kwa kamba na leso. Mhudumu alipomwambia viti ni vya wateja, Nzilani hakubishana. Alisema, "Sawa. Lete na chai ya huyu."

"Dada," sauti ikasema juu yake, "mwenzako mbona hanywi?"

Aliinua macho. Kijana mrefu, shati la kaki, kalamu tatu mfukoni na doa la wino chini ya kila moja.

"Amefunga," Nzilani akajibu.

"Basi nimsaidie isipoe." Akavuta kigoda, akainywa chai ya katoni bila aibu hata kidogo. "Mimi ni Mulei. Nafanya kazi kituo cha utafiti pale Kiboko. Naandika mvua na mtama kwenye kompyuta. Na wewe unamsafirisha nani?"

"Kompyuta."

Kikombe kilirudi mezani. Wapo wanaume wanaong'aa macho wakitajiwa pesa, wengine wakitajiwa nyama. Huyu aling'aa kwa kompyuta. Nzilani alitaka kucheka, lakini alichokuwa amebeba hakikuwa cha kuchekesha, na kwa kuwa ni rahisi kumwambia mgeni ambaye basi litakuondoa mbele yake, akamwambia yote. Ana chumba cha kupiga chapa mjini Kitui. Mama yake, Mbula, alipokuwa mgonjwa alimsimulia maisha yake yote, naye akayapiga chapa jioni baada ya jioni, kurasa kumi na moja. Akangojea utepe mpya wa printa ili ayachape kwa wino mzuri. Kabla utepe haujafika, mteja alileta disketi yenye virusi. Asubuhi iliyofuata kompyuta haikujua hata ina mafaili gani. Wiki ile ile mama akafa.

"Fundi wa Mombasa amesema nifute kila kitu nianze upya," akasema. "Nimekataa. Mtu asiiguse hiyo diski. Hata wewe, usiiangalie hivyo."

"Siiangalii," Mulei akasema, naye alikuwa akiiangalia. "Lakini kazi yako si lazima isimame. Kuna kitu kinaitwa Linux. Kinafanya kazi ya Windows, na ni cha bure."

"Bure? Hapa Mtito Andei hata maji ya kunawa yanauzwa!"

"Haki ya Mungu, bure. Watu wa dunia nzima wamekitengeneza, kila mtu kipande chake, halafu wakaacha wazi atakaye achukue, atakaye aongeze. Ni kama mwethya."

Neno hilo Nzilani alilijua. Mwethya ni wanawake wa kijiji kutoka na majembe kuchimba matuta, leo shamba la huyu, kesho la yule, bila malipo na bila kuulizana. Mbula alikuwa kiongozi wa mwethya ya kijijini kwao, Matinyani, miaka ishirini. Dereva akapiga honi.

"Una simu?" Mulei akauliza, amekwisha kubeba katoni mabegani.

"Duka la jirani lina simu," akasema, akamtajia namba. "Ukipiga, uliza Nzilani. Na ukiangusha hiyo, usipige."

* * *

Duka la jirani lilikuwa la vitambaa, la Barwaqo, mama wa makamo aliyeujua mji wote wa Kitui kwa vipimo vya viuno. Simu yake ya kuzungusha ilikaa katikati ya majora ya dera na suti, na kuanzia Jumatatu ile ililia kila saa kumi.

"Halo? Naomba kuongea na mwenye katoni."

"Katoni iko kazini. Niko mimi tu."

"Ni wewe nilikuwa nakutafuta. Katoni ilikuwa kisingizio."

"Uongo! Ulivyoitazama, mimi nilikuwa naona wivu."

"Sasa umeungama. Nzilani, jina lako maana yake ulizaliwa njiani, si ndio? Na nimekuokota njiani. Hiyo si bahati, ni mpango."

Barwaqo, akipima kitambaa kwa mkono, akasema, "Mwambie aongeze sauti, abaayo, dada yangu. Sisikii vizuri."

Jumamosi ya pili Mulei akaja. Shati jipya, wino ule ule. Mkononi alikuwa na sidii mbili zilizotoka ndani ya gazeti la mtafiti mmoja mgeni, na diski kuukuu aliyoiokoa kwenye vyuma chakavu vya kituo. "Ya mama haiguswi," akasema kabla hajaulizwa. "Tunaiacha ilale. Linux itakaa kwenye hii."

Kazi ilichukua mchana mzima. Kisha akaiwasha, akasogea kando.

Nzilani alizoea picha ya mawingu ya Windows, mawingu yale yanayokuambia ungoje na yasikuambie unangojea nini. Sasa kioo kilikuwa cheusi, na maandishi meupe yakaanza kupanda, mstari juu ya mstari, mbio.

"Imeharibika?"

"Inajitambulisha. Hapo inasema imeona kibodi. Hapo imeona printa yako. Haifanyi kitu nyuma ya mgongo wako bila kukuambia."

Nzilani akasahau kukaa. Mulei alimwonyesha penye majina ya waliotengeneza, akashuka nayo, akashuka, na majina hayakuisha: watu wa Ufini, Ujerumani, Brazili, majina ambayo ulimi wake haukujua uyaanzie wapi. Hakuna hata mmoja aliyemjua Nzilani binti Musembi. Na kila mmoja alikuwa amemchimbia kipande cha tuta.

"Na hawakulipwa?" akanong'ona, kama yuko kanisani.

"Wengi, hapana."

"Mwaitu angewaelewa hawa," akasema. "Mama yangu angewapikia."

Halafu ikaja shughuli ya kuchagua. Windows ilikuwa na uso mmoja, ukipenda usipende. Huku palikuwa na nyuso za kuchagua. Mmoja uliitwa KDE, na kona yake ilikuwa na herufi K. Mwingine uliitwa GNOME, na kona yake ilikuwa na alama ya mguu.

"K ni ya Kitui!" Nzilani akapiga makofi. "Lakini mguu ni wangu, mtoto wa njiani. Ngoja. Mbona una vidole vinne?"

"Cha tano kilibaki Mtito Andei kikinywa chai."

Akacheka mpaka Barwaqo akaja kuangalia. Mulei akabonyeza mahali, na kazi yote iliyokuwa kwenye kioo ikatoweka, pakawa peupe. Nzilani akapiga ukelele. Mulei akabonyeza tena, kazi ikarudi.

"Ni meza nne," Mulei akasema. "Hapa unaweka mitihani ya shule, hapa kadi za harusi, hapa masomo ya wasichana unaowafundisha kupiga chapa. Unahama tu."

Meza nne! Kwenye chumba ambacho meza ya mbao ilikuwa moja, tena mguu wake mmoja ni tofali. Nzilani alihama kutoka ya kwanza hadi ya nne na kurudi, mara kumi, mara ishirini, mkono mmoja kifuani. Mulei hakuitazama kompyuta tena. Alimtazama yeye, na hapo ndipo alipokwisha, maskini.

"Chukua ya K," akamshauri baadaye. "Inafanana na ulichozoea, na kwa mashine yako ni nyepesi."

"Usiniambie!" Nzilani akasema, na hakuwa anatania. "Kozi ya uhazili nilichaguliwa na mjomba. Nywele za kunyoa au kufuga, nilichaguliwa na shule. Hii nitachagua mwenyewe."

"Sawa kabisa," Barwaqo akaamua. "Kitambaa hakichaguliwi ndani ya duka. Kitoe nje kwenye jua, ukione. Wiki moja moja."

* * *

Akafanya hivyo. Wiki moja ya mguu, wiki moja ya K, kisha wiki nyingine ya mguu kwa sababu aliupenda ingawa ulimchelewesha. Kila saa kumi simu ililia, "Umechagua, mpenzi?" naye akajibu, "Bado, kipenzi, ngoja jua litoke." Wote wawili walijua kwamba hawaongei juu ya kompyuta peke yake.

Mwisho wa Juni akaenda Matinyani siku tatu, kusafisha kaburi la mama na kupanda maua. Ufunguo akamwachia Barwaqo. Aliporudi Jumatano na kuwasha mashine, mguu haukuwepo. Ilikuja K moja kwa moja, imepangwa, imepambwa, bila kumuuliza.

Nzilani akasimama. Mtu alikuwa ameigusa. Akafungua kifuniko cha kompyuta kwa bisibisi. Diski ya Linux ilikuwepo. Mahali pa diski ya mama palikuwa pamebaki waya tu.

"Barwaqo! Nani ameingia humu?"

"Si Mulei wako? Jana. Alisema anarekebisha kidogo tu, anataka kukufurahisha. Alitoka na kitu amekifunga kwa leso." Barwaqo akaona uso wa jirani yake, akaogopa, na mtu akiogopa husema na yasiyoulizwa. "Tena alikuwa na furaha, wallahi! Amenunua mbuzi watatu kwa shemeji yangu Aftin. Wa kupeleka kwa baba yako."

Mbuzi watatu. Ukambani hakuna asiyejua maana yake. Hao ni mbuzi wa ntheo. Wakipokelewa nyumbani kwenu, wewe ni mke wa mtu.

Kule Kiboko simu ililia mara saba kabla hajapatikana.

"Diski yangu iko wapi?"

"Iko nami. Nzilani, nipe mpaka Ijumaa."

"Umeifanya nini?"

Mulei hakuwa mwongo, na ndiyo iliyokuwa shida yake. Hakuweza kusema hakuigusa. "Siwezi kusema sasa," akasema. "Naomba uniamini. Ijumaa tu."

"Nilikuambia neno moja! Moja! Na meza umenichagulia, na mbuzi umenunua! Nani alikuambia nimekubali? Leo unanichagulia meza, kesho unanichagulia mume, na mume mwenyewe ni wewe!"

"Dear, sikiliza..."

"Dear yako iko kwa mbuzi!" Akaikata.

Alimwendea Aftin sokoni, akamkataza kuwatoa wale mbuzi waliokuwa bado zizini kwake, hata akilipwa ng'ombe. Kisha akarudi kukaa mbele ya K, akalia. Hakulilia mchumba, ingawa huyo naye alimuuma. Alilia kwa sababu sauti ya mama ilikuwa mle ndani ya kile chuma, huenda ilikuwamo, na sasa hata hiyo "huenda" imechukuliwa. Alhamisi simu ililia saa kumi. Barwaqo aliitazama, akamtazama Nzilani, akaiacha ilie mpaka ikachoka.

* * *

Ijumaa Mulei akaja kwa miguu kutoka stendi. Macho mekundu, ndevu za siku tatu, bahasha ya kaki chini ya kwapa na diski kwenye leso. Hakuomba kiti. Aliweka diski juu ya meza kwanza, kisha bahasha, kisha akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Iko kama ilivyokuwa," akasema. "Sikuandika chochote juu yake. Nilinakili, nikafanya kazi kwenye nakala. Soma."

Nzilani hakutaka kusoma. Alifungua ili apate cha kumrushia.

Ukurasa aliouchomoa, mmoja wa mwishoni, ulianza katikati ya takataka, alama za ajabu zisizo na maana, kisha katikati yake neno moja, kisha sentensi nzima:

*Nzilani nilimzaa njiani nikitoka kuteka maji. Aliyemkata kitovu alikuwa mwanamke mpita njia. Alinifunga leso yake, akanibebea mtungi mpaka nyumbani, akaendelea na safari. Jina lake silijui mpaka leo.*

Akakaa chini sakafuni na sketi yake ya marinda. Akasoma kwa sauti. Ilikuwa sauti yake, lakini Barwaqo aliyesimama mlangoni baadaye aliapa kwamba aliyemsikia ni Mbula. Mwaka wa njaa. Wanawake arobaini na matuta ya Matinyani. Nyimbo walizoimba wakichimba. Mama alikuwa pale, punje punje, kati ya alama zilizoharibika.

"Ulifanyaje?" akauliza alipoweza.

"Windows ilikuwa inauliza diski, 'Faili ziko wapi?' na diski haijui, kwa sababu virusi vilikula orodha tu. Maneno hayakuliwa. Linux inakuruhusu usome diski yenyewe, kama ilivyo, bila orodha. Nikaimwaga yote, nikapeta." Akafanya kwa mikono, kama mtu mwenye ungo wa mtama. "Siku tatu. Yalikuwa maneno ya kila mtu, mitihani, harusi, barua za madiwani. Nilikuwa natafuta ya mama peke yake. Sikukuambia kwa sababu niliogopa nisipate kitu. Ungemzika mara ya pili."

Nzilani aliyahesabu makaratasi. "Ni kumi."

"Ukurasa wa saba haukupatikana. Nimepeta mara nne. Nisamehe."

Ndani ya Nzilani vitu viwili viligongana, na vyote vilikuwa kweli. Akasema vyote viwili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. "Mulei, hakuna mtu amewahi kunifanyia kitu kama hiki. Sijui nikushukuru kwa lugha gani. Na ulikosea. Ungeniuliza. Hata kama ni tumaini la bure, lilikuwa tumaini langu."

"Ni kweli."

"Na meza?"

"Nilitaka ukirudi ukute kazi inaenda haraka. Nilijifanya najua. Na mbuzi ni hivyo hivyo. Niliogopa ukinitoa juani kama kitambaa, utaniona vizuri."

Hapo Barwaqo alishindwa kujizuia, akacheka, na Nzilani, machozi bado shavuni, naye akacheka. "Kuja hapa wewe. Kaa kwa benchi ya wateja. Usiguse kitu."

Akarudisha mguu, akaupapasa kwa macho mara ya mwisho. Akauaga. Kisha akachagua K kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo, ile ile. Lakini ule mstari wa vitufe uliokuwa chini ya kioo akaupandisha juu, picha ya mapambo akaitupa, akaweka rangi nyekundu ya udongo wa Matinyani, na zile meza nne akazipa majina. Kazi. Masomo. Mama. Ya nne akaiacha bila jina.

"Si niliichagua hiyo hiyo?" Mulei akasema kwa sauti ndogo.

"Hapana. Ile ulichagua wewe. Hii nimechagua mimi. Ukiona ni moja, bado hujaelewa, rudi Kiboko."

"Nimeelewa, asali wangu."

"Haya. Sasa twende kwa Aftin, nione hao mbuzi."

Barwaqo alishika mdomo. Tangu Ukambani iwe Ukambani, nani aliwahi kusikia msichana akienda kukagua mbuzi wake wa ntheo? Na vizuri alienda. Mulei alijua mtama, mbuzi hakujua. Mmoja alikuwa na pembe moja, mwingine alikohoa. Nzilani aliwarudisha wote, akaingia zizini, akashika migongo, akafungua midomo akatazama meno, akatoka na watatu waliong'aa, mmoja mweupe kama unga. "Ukimwambia mtu," akamwonya Mulei, "nitakukana."

* * *

Jumamosi iliyofuata wazee wa upande wa Mulei wakaingia Matinyani na mbuzi. Nzilani alivaa gauni la kitenge cha manjano, zawadi ya Barwaqo, na kwa mara ya kwanza tangu Machi kichwa chake hakikuwa na cheusi. Mulei alikuwa na tai. Mfuko wake haukuwa na kalamu hata moja.

Mzee Musembi alizunguka mbuzi polepole, akamgusa yule mweupe mgongoni. "Huyu kijana," akasema, "anajua mbuzi." Mulei akaangalia miguu yake. Nzilani akauma mdomo wa chini mpaka ukauma kweli.

Kisha mzee akasimama wima, akamwita binti yake mbele ya watu wote, akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe, maana bila jibu lake hakuna mbuzi anayefunguliwa kamba. "Nzilani. Mbuzi hawa ni wako. Tuwapokee?"

Alifungua mdomo. Lakini mzee aliinua mkono kidogo, akawa hatazami mtu yeyote pale.

"Nakumbuka mama yako akiulizwa hivi," akasema. "Uwanjani kwa baba yake, amesimama kama wewe. Hakunitazama mimi. Aliwatazama mbuzi kwanza, mmoja mmoja, akageuka akamwambia baba yake, 'Huyu wa nyuma anachechemea. Wamrudishe, walete mwingine, halafu mniulize tena.' Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwenda na kurudi nusu siku, na mbuzi mwingine. Mama yako alikuwa bado amesimama."

Nzilani alizikumbuka zile kurasa kumi. Ukurasa wa sita uliishia Mbula akiwa msichana. Ukurasa wa nane ulianza akiwa na jembe shambani kwa mumewe.

"Baba, ngoja," akasema. "Ngoja hapo hapo. Usiseme tena. Mulei! Kalamu!"

Mulei alijipapasa mfuko mtupu, akachanganyikiwa, akamgeukia mjomba wake, akampokonya ya kwake mfukoni. Karatasi ilitoka ndani ya Biblia ya mtu. Nzilani akapiga magoti kwenye udongo na gauni lake la manjano, akaweka karatasi juu ya kigoda.

"Anza tena, baba. Aliwatazama mbuzi kwanza. Halafu?"

Mzee akaanza tena. Wageni wakangojea, mbuzi wakilia kambani, na Mulei amechuchumaa kando yake akiishika ile karatasi isipeperuke. Alipoandika neno la mwisho alipuliza wino, akaandika juu kabisa namba saba, akainuka.

"Ndiyo, baba," akasema. "Wapokeeni."